Nimechoma chanjo, na wa kununa anune

Leo nimechoma chanjo ya mafua, na kundi la simu la kanisa letu, lisilotaka chanjo, linanililia kama nimekufa.

Jamani, huku ughaibuni, bila chanjo hiyo mwanafunzi wa uuguzi kama mimi haingii wodini, tena wakati huu wa corona!

Shangazi yangu, kiongozi wa akina mama wa maombi, akatuma sauti kwenye kundi, wote wasikie: “Binti yetu ameuza imani kwa ajili ya masomo!”

Nikamjibu palepale. “Shangazi, kule kambi ya wakimbizi Kigoma, siku ya chanjo ya surua, nani alinibeba mgongoni hadi kwenye foleni? Si wewe?”

 

Baadaye akanipigia.

“Mkono unauma?”

“Unauma.”

“Njoo kwangu hapa Guildford nikukande kwa maji ya moto.”

Naenda. Na sare ya wodini naivaa.