Eda ya Mama

Asubuhi hiyo mama alikuwa anaanika muhogo uani kwetu Koboko, nami nafukuza kuku. Kaka yangu Rajabu alikuwa ameipindua baiskeli, anatia mafuta mnyororo. Akaingia askari wa kikosi kimoja na baba, amevaa nguo za kiraia zisizomtosha. Jeshi la serikali, jeshi la baba, lilikuwa limeshindwa huko kusini na Kampala imechukuliwa. Baba, alisema, alibaki ndani ya gari lililoungua.

Mama alimaliza kuanika muhogo. Kisha akaingia ndani, akavua bangili, akaanza eda.

Mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani kwa mumewe miezi minne na siku kumi. Hajipambi, wala hatoki bila dharura. Mama hakuwa msomi wa dini. Alijua aliyofundishwa na bibi: Mungu akisema kaa, unakaa. Rajabu, ambaye utani haukumwishia hata msibani, alikuwa akimchokoza kwa Kiswahili chetu cha mpakani: "Serikali yote nakimbia, mama peke yake iko lindo." Mama alicheka, na mimi nilifurahi kumsikia akicheka.

Majirani wakaanza kuvuka kwenda Kongo. Askari wa upande wa pili walikuwa wanakuja kutoka Arua, na ilisemekana hawamwulizi mtu wa Koboko kama alishika bunduki au jembe. Rajabu alifunga godoro na sufuria kwenye baiskeli.

"Mama, watu yote nakwenda. Simama."

"Mimi iko kwa eda. Nani nanipa ruhusa?"

"Risasi nakupa ruhusa."

"Risasi hapana shehe."

Nilimchukia mama kwa jibu lile. Rajabu hakubishana naye. Alifungua godoro, akapanda baiskeli kwenda kumwuliza shehe, aliyekuwa akikaa karibu na barabara ya Arua.

Tukasikia bunduki.

Zikanyamaza. Zikaanza tena, karibu zaidi.

Shehe alikuja kwa miguu, akipita katikati ya mtama. Alikuwa amevaa fulana na suruali. Sikuwahi kumwona bila kanzu.

"Mama Rajabu, toka," alisema mlangoni. "Hofu iko udhuru. Mungu naruhusu. Maliza eda yako kule mbele."

"Rajabu iko wapi?"

"Kanzu yangu nafunika yeye, pale barabarani."

Mama alishika mlango kwa mikono miwili. Kisha akasimama wima. Ruhusa ilikuwa imefika, akatoka.

Ng'ambo ya mpaka, huko Kongo, mama mmoja Mkristo alitupa jiko lake la nje tulale. Alikuwa akituletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, hadi mlangoni, bila kuuliza kwa nini mgeni wake hatoki. Mama alimalizia eda yake humo. Siku ya mwisho alioga, akabadili nguo, akashukuru.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, baba alifika. Hakufa garini, alikuwa amefungwa huko kusini. Alikuwa amekonda na jicho moja halioni. Alisimama mlangoni mwa lile jiko, akatoa salamu, akatutazama mmoja mmoja.

"Rajabu iko wapi?" akauliza.

Tulirudi Koboko baada ya miaka mingi, na shehe akatuonyesha mahali alipomzika Rajabu. Sasa mimi mwenyewe ni bibi, naishi Arua, na bado naswali. Hasira yangu haijaisha, nimeizoea tu. Siku moja, tukipepeta ufuta, nilimwuliza mama kama anajuta. 

"Mimi natii ile najua," alisema. "Ile sijui, iko kwa Mungu."

 Kwa mume aliyekuwa hai, mama alikaa eda nzima. Kwa mtoto, sheria inampa mama siku tatu tu za kuomboleza, na siku hizo tatu sisi tulikuwa njiani, tunatembea.