Mama Mkwe Nyuma ya Dramu

Saa tisa alasiri, duka la dobi linafungwa na pasi za mvuke zinapoa. Mlango wa stoo ya chini, huo ndio kwanza unafunguliwa. Mpiga video za harusi anashuka ngazi amekumbatia kamera kama kichanga, kichwa kakiinamisha. Anaisalimia sakafu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Ngazi ya mwisho imelegea, usije ukamwacha binti yangu mjane."

Anayejibu ni mama mkwe wake, mwenye duka, kaketi nyuma ya dramu, mikono ya gauni kaikunja hadi viwikoni.

Hii ndiyo bendi ya roki ya Doa Sugu. Gitaa ni la mwalimu mstaafu wa hisabati. Mwimbaji ni fundi viatu mwenye sauti ya lori linalokataa kuwaka. Nyimbo zao zote zinahusu kufua. Majirani waliwakataa huko juu, wakahamia stoo, ambako makoti ya wateja yaliyotundikwa ukutani yanameza kelele. Kuna suti humu zimehudhuria matamasha mengi kuliko wenyewe.

Kwa miezi minane mpiga video anaitengenezea bendi hiyo filamu. Ni kazi yake ya kwanza ambayo mwishoni hakuna anayekata keki.

"Mkono ulishazoea harusi," ananiambia mimi, mwandishi niliyekuja kutazama mazoezi. "Kila wimbo ukiisha najikuta nimeweka mawaridi yanadondoka kwenye skrini. Mwalimu akaniuliza, kwani tumemuoa nani?"

Mawaridi yakafutwa. Kosa jingine likabaki. Jumanne iliyopita mwenye ukumbi wa sinema, aliyekubali kuionyesha Jumamosi, aliitazama yote kisha akauliza: "Hizi dramu zinajipiga zenyewe?"

Miezi minane, na uso wa mpiga dramu haumo. Vimo vijiti, viwiko, kisogo. Kimo kiatu chake cha kulia, dakika nzima.

"Mkwe wangu yule," anajitetea. "Nimkodolee lenzi usoni, nimsogelee mpaka jasho lionekane? Heshima nitaiweka wapi?"

Mwenye ukumbi alipoambiwa hivyo hakucheka. Bila mpiga dramu, filamu haionyeshwi. Na leo ndiyo mazoezi ya mwisho kabla ya Jumamosi.

"Mama," anaanza, macho chini. "Kuna kipande kimepungua."

"Kipande gani?"

"Uso."

"Wa nani?"

Mwalimu anageukia ukuta, mabega yanamtikisika. Fundi viatu ghafla kapata nyaya za kukagua.

"Kumbe," anasema mama mkwe. "Mimi nikadhani kiatu kimekupendeza, nikakinunulia rangi." Anaokota vijiti. "Sikiliza, baba. Huko juu mimi mama yako, niinamie mpaka shingo ikakamae. Huku chini mimi mpiga dramu. Njoo hapa mbele, kodoa."

Anakwenda. Anainua kichwa. Vijiti vinagongana mara nne na makoti yote yanaanza kutikisika. Mama mkwe anapiga kang'ata ncha ya ulimi, kama mtoto anayejifunza kuandika. Lenzi inasogea, inasogea tena, mpaka jasho linaonekana.

Wimbo unapoisha, mpiga video anahema kana kwamba yeye ndiye aliyepiga.

"Mke wangu atakaa safu ya kwanza," ananinong'oneza. "Anajua narekodi bendi, ila anadhani mama yake kawapangisha stoo tu. Jumamosi sitaitazama filamu. Nitamtazama yeye, uso wa mama yake ukitokea."