Gauni Lililokatwa kwa Rula

Fundi alikuwa amekata vioo karibu nusu ya umri wake: madirisha ya maduka, meza za ofisini, milango ya mabafu. Mkono wake haukujua kutetemeka. Lakini siku ile alikuwa amepiga magoti sebuleni mbele ya satini ya waridi iliyotandazwa sakafuni, mkasi mkononi, kijasho chembamba kikimtoka kana kwamba ameambiwa ampasue mtu.

Satini ile aliinunua mkewe. Alikuwa mjamzito, na alimwahidi binti yao kwamba gauni la mchezo wa kuigiza wa shuleni watalishona pamoja, hapo hapo nyumbani, kwa cherehani mpya ambayo hata yeye mwenyewe alikuwa bado anaizoea. Kabla hawajaanza, presha ikapanda ghafla, miguu ikavimba, akalazwa. Daktari akamkataza katakata kunyanyuka kitandani. Nyumbani wakabaki Fundi, satini na Chiriku.

Chiriku ndivyo walivyomwita mtoto, kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Kwenye mchezo alikuwa binti mfalme, tena mwenye maneno ya kusema, na kwa wiki kadhaa alikuwa ameyasema kwa kila aliyemfungulia mlango. Tangu mama yake alazwe, kidomo kilikuwa kimepoa.

Fundi alijaribu njia ya mkato. Alibeba furushi la satini mpaka kwa fundi cherehani wa mtaani, lakini Chiriku akalikumbatia na kugoma kuliachia.

"Mama alisema la nyumbani."

"Mama anaumwa, mwanangu."

"Basi ushone wewe."

Fundi cherehani alicheka hadi pini alizobana midomoni zikamdondoka. "Kazi kwako, fundi mwenzangu," akasema.

Basi akaanza. Alimpima mtoto kwa namna aliyoijua: akamsimamisha ukutani, akamwekea rula ya chuma kifuani, kwapa hadi kwapa.

"Usipumue."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikwambie."

Akakata mbele na nyuma kwa kipimo kile kile, bila kuzidisha hata unywele. Kioo kikizidi hakiingii kwenye fremu. Ndivyo alivyofunzwa kazi, na hakujua kwamba nguo ina mambo yake.

Cherehani nayo ikamtoa kamasi. Uzi wa juu ulikatika, wa chini ukajisokota kama kiota cha ndege, satini ikamteleza kama sabuni. Akampigia simu mkewe.

"Mama Chiriku, hii sindano inatafuna kitambaa."

"Umeteremsha kiguu?"

"Kiguu kipi tena? Nimeshakanyaga pedali."

"Kiguu cha cherehani, Baba Chiriku. Nyuma ya sindano kuna kijiti. Kiteremshe."

Akakiteremsha, na mshono ukaanza kwenda. "Inashona!" akapiga kelele. Akamsikia mkewe akicheka, cheko alilolikosa siku nyingi, kisha likageuka mguno, kisha sauti ya muuguzi: "Mama, weka simu hiyo, presha inapanda." Simu ikakatika. Fundi akabaki pale, mguu bado juu ya pedali, asijue kama amemliwaza mkewe au amemdhuru.

Gauni lilipokwisha, halikupita mabegani. Alilivuta juu, akalivuta chini. Chiriku kichwa ndani, mikono hewani kama aliyevamiwa na majambazi. Mshono ukaachia. Kutoka ndani ya satini sauti ndogo ikauliza, "Baba, kwani nimenenepa?"

"Hapana, mama. Ni baba amekosea."

"Nitabana pumzi tena."



Saa ya kuona wagonjwa ilipofika, alilibeba gauni hospitalini. Mkewe akaligeuza ndani nje juu ya tumbo lake.

"Umempima kama dirisha," akasema taratibu. "Mtu ni mviringo, Baba Chiriku. Na mshono nao unakula kitambaa. Hukuuachia nafasi."

Fundi alikuwa akiangalia vidole vya mkewe, vilivyovimba mpaka pete ikavuliwa.

"Tia kipande kila ubavu," mkewe akaendelea. "Lipo gauni langu jeupe kabatini. Likate."

Nyumbani akalitoa lile gauni. Lilikuwa bado lina harufu yake. Akalitandaza, akaweka mkasi kwenye pindo, na mkono ukagoma. Aliona kama akilikata atakuwa amesema kwa kinywa chake kwamba mwenye gauni harudi kulivaa. Akalirudisha kabatini, akapanda juu ya kiti, akateremsha pazia la dirishani akalikata hilo. Tangu hapo kila aliyepita nje aliwaona wakila.

Siku ya mchezo gauni lilimwingia, kwa nguvu za pazia na pini za nepi zilizonunuliwa kwa ajili ya mtoto ajaye. Bega moja lilikuwa juu, jingine chini, na pindo liliburura upande mmoja. Mwalimu alilitazama, akasema, "Haya, binti mfalme wetu," akatazama kwingine.

Chiriku akapanda jukwaani, viwiko amevibana ubavuni ili pini zisionekane. Macho yake yalimtafuta baba yake kati ya wazazi mpaka yakampata. Hapo simu ikatetema mfukoni. Hospitali.

Fundi alitazama simu, akatazama jukwaa. Akamwonyesha mtoto kwa kidole, nakuja sasa hivi, akatoka.

"Tunampeleka kwenye upasuaji," muuguzi akasema. "Presha imekataa kushuka. Njoo."

Aliporudi ukumbini, mchezo ulikuwa umeshasonga mbele na Chiriku amesimama pembeni na mwalimu. Akamshika mkono, wakaondoka vile vile alivyovaa.

Wakakaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Watu walipita, wakamtazama binti mfalme, wakatabasamu.

"Ulisema maneno yako?" Fundi akauliza.

"Hapana."

"Uliyasahau?"

"Ulisema unakuja. Nilikuwa nakungoja."

Mwalimu alikuwa amemnong'oneza maneno, mtoto aliyeigiza mfalme akamsukuma kwa kiwiko, yeye akakaza mdomo akiangalia mlangoni, mpaka wenzake wakairuka zamu yake.

"Yaseme sasa. Nakusikiliza."

"Hapa hakuna mfalme, baba."

Mlango ukafunguka. Muuguzi akateremsha barakoa. Mama hajaamka, akasema, ila anapumua. Mtoto ni wa kiume, mdogo mno, wamempeleka kwenye chumba cha joto cha watoto njiti.

"Naweza kuwaona?"

"Bado."

"Hata mmoja?"

"Kaa tu, baba. Tutakuita."

Waliitwa, lakini si upesi. Na yule mdogo alikaa hospitalini wiki nyingi kabla hajaletwa nyumbani kwa mama yake. Hayo Fundi alikuwa bado hayajui. Alirudi kwenye benchi.

"Baba, pini inanichoma."

Akainama kuifunga. Ilikuwa imepinda, na kila alipoibana iliruka. Akaijaribu kwa mkono wa kulia, akaijaribu kwa wa kushoto.

"Basi iache," Chiriku akasema. "Nitakaa hivi."

Akaketi ukingoni mwa benchi, mgongo wima, asiegemee popote, na baba yake akamwekea kiganja ubavuni, kati ya pini na ngozi.