Spana Niliyoinyoosha

Nilisoma mpaka darasa la tatu. Nasema mapema ili mtu asijisumbue kuulizia. Mashine mbili za kusaga nilizonazo Kitahana nilizifunga kwa mikono hii, na hakuna bolti iliyowahi kunishinda, isipokuwa moja, na hiyo ilikuwa uani kwa mama mkwe wangu, Kitanga, upande wa Kasulu.

Baba mkwe alipofariki aliacha vitu viwili vya chuma: landrova ya zamani, imevunjika springi ya nyuma upande wa kulia, na sanduku la spana. Sanduku alinirithisha mimi, siyo wanawe. Alitamka mwenyewe kitandani, watu wakisikia. Wanawe hawakufurahi, na mimi sikuomba wafurahi. Gari lilikaa uani miaka mitatu, kuku wakilala ndani. Ndipo shemeji yangu mmoja, mwenye kazi mjini na saa kubwa mkononi, akaita kikao akasema mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja Jumamosi na mtungi wa gesi kulikata.

Mama mkwe hakusema neno kikaoni. Mke wangu aliniambia mama yake siku ile hakula. Gari hilo ndilo lililomkimbiza hospitali kila alipokwenda kujifungua, na mtoto mmoja hakusubiri wafike. Huyo ndiye mwenye saa kubwa.

Nikasimama, nikasema Jumamosi gari litatoka uani kwa magurudumu yake. Shemeji akacheka.

"Shemeji, hiyo siyo mashine ya mahindi. Ukishindwa, na sanduku nalo lipande mzani."

Nikasema sawa. Watu walikuwa wananitazama, ningesema nini?

Sasa kuna jambo lazima nilieleze. Vijana wa leo wanakula sahani moja na mama wakwe zao na kupiga nao picha. Mimi nilioa kwa utaratibu wa zamani. Mabukwe, ndivyo tunavyomwita mama mkwe, huongei naye uso kwa uso, humpi mkono, na hulali chini mbele yake. Miaka arobaini na moja tulikuwa tunasalimiana kwa kupitia mke wangu. Na fundi wa springi hawezi kufanya kazi akiwa amesimama. Kwa hiyo nikafunga turubai kutoka ukuta wa jiko mpaka kwenye mlango wa gari, nikalala nyuma yake. Mke wangu alikaa nasi Jumatatu tu, akarudi Kitahana kuangalia mashine, maana mwenye njaa ya ugali hangoji springi ya mtu.

Jumatatu hiyo nilifungua sanduku. Kila spana marehemu aliiviringisha kitambaa chake, na tupa aliitilia mpini wa gunzi la hindi. Nilimheshimu. Halafu nikakuta spana moja ndefu imepinda shingo kama bata anayetazama nyuma. Nikasema, mzee alizeeka, akaanza kuharibu vitu. Nikailaza juu ya jiwe, nikaipiga mpaka ikanyooka kabisa. Nilijisikia vizuri.

Springi ya gari lile inashikwa kwenye chesisi na vibapa viwili vya chuma, na bolti nene inapita katikati yake. Niliimwagia dizeli, nikaiacha ilale. Asubuhi nati ya nje ikatoka kwa shida. Kilichobaki ni kuisukuma bolti itoke, kama bolti zote ninazozijua. Jumanne nikaipiga kutwa. Haikusogea. Jumatano nikachukua nyundo kubwa ya marehemu. Jirani akaja kuuliza kama tunajenga.

Jumatano hiyo mchana, nimepumzisha mkono, nikasikia sauti ya mabukwe upande wa pili wa turubai. Hakuwa anasema na mimi. Alikuwa anasema na jogoo wake mwekundu, aliyekuwa anaparua karibu na jiko.

"Wewe jogoo una kelele bure," alisema. "Marehemu alikuwa haipigi. Anatoa nati ya nje, halafu anaifungua bolti yenyewe, anaizungusha. Lile bapa la ndani nalo ni nati. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia taa."

Jogoo akaendelea kuparua.

Sikujibu, maana sikuulizwa. Nikaendelea kupiga kama saa nzima, jogoo asije akadhani nimemsikia. Kisha nikatambaa kwenda kutazama kwa ndani. Kweli. Bapa la ndani lilichongwa nyuzi, bolti imejikaza humo kama kifuniko cha chupa. Nilikuwa nimekipiga siku mbili kitu ambacho kinafunguliwa kwa kuzungusha. Nashukuru nyuzi hazikufa.

Nikaleta spana. Kichwa cha bolti kilikuwa kimejificha nyuma ya bomba la moshi, na spana iliyonyooka ilikuwa inagonga bomba kabla haijakifikia. Nilijaribu kila upande. Nikakaa chini, nikaitazama ile niliyoinyoosha Jumatatu.

"Na ile spana, jogoo," sauti ikasema, "haikupinda kwa bahati mbaya. Aliipinda yeye, kwenye moto wangu huu."

Hapo ndipo nilipoona aibu, na mimi aibu siizoei. Jikoni kwa mama mkwe siingii. Nikaisukuma spana chini ya turubai, mpini ukielekea kwake. Nilikohoa kwanza.

"Jogoo," nikasema, "nahitaji moto."

Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza kwa mabukwe katika miaka arobaini na moja, na yalikwenda kwa kuku.

Nilisikia anaongeza kuni na kupuliza. Baada ya muda spana ikarudi chini ya turubai ikiwa nyekundu, imeshikwa kwa koleo la marehemu. Nikaiweka juu ya jiwe lilelile, nikaipiga taratibu. Mabukwe alikuwa anasikiliza nyundo. Nilipoacha, akamwambia jogoo bado kidogo. Nikapiga tena. Akamwambia basi.

Ikaingia. Nikavalisha kipande cha bomba kwenye mpini, nikaning'inia kwa uzito wangu wote. Bolti ikalia, ikazunguka robo, ikazunguka nusu. Kabla jua halijazama ilikuwa mkononi mwangu. Nikaipitisha chini ya turubai ili naye aione. Ikarudi imefutwa.

Springi nyingine nilikuwa nimeshainunua Kasulu kabla sijaanza, maana mimi nikianza jambo huwa na uhakika. Ijumaa nikaifunga. Injini haikunisumbua, injini ni injini.

Jumamosi lori la vyuma likafika, na shemeji nyuma yake. Nikawasha. Mabukwe akapanda kwa mlango wa nyuma, akakaa kwenye benchi, uso ameuelekeza tunakotoka. Mimi nikatazama mbele. Tulikwenda mpaka barabara kuu na kurudi, tumepeana migongo, kila mtu na heshima yake. Lori likaondoka tupu.

Shemeji akaniuliza nilifanyaje. Nikamwambia jogoo alinielekeza. Akadhani namtania. Simtanii mtu. Akalitazama sanduku, kisha akaangalia ile saa yake, akasema ana safari. Sanduku sasa liko Kitahana, chini ya kitanda changu.

Mchana ule nililetewa chakula, peke yangu, kama inavyotakiwa. Juu ya sahani palikuwa na firigisi, nyama ya mkwe anayeheshimiwa. Nikachungulia uani. Jogoo mwekundu hakuwepo.

Nikala. Chakula cha mama mkwe hakikataliwi. Kilikuwa kigumu kidogo.

Springi ya kushoto nayo imeanza kulia. Nimemwambia mke wangu tukienda tena Kitanga tubebe jogoo.