Vikapu vya Kampeni

Siku hizi redioni wanabishana kama serikali iwape wagombea, hata wa urais, pesa za kampeni. Mimi hutega sikio, ila swali langu ni jingine kidogo: mpiga kura humwonaje mtu aliyechangiwa?

Katikati ya miaka ya sabini mume wangu aliacha ualimu hapa Kebirigo ili agombee ubunge. Ilibidi ajiuzulu kwanza, na hakuna aliyemwahidi kwamba akishindwa atarudishiwa kazi yake. Urais haukuwa na mshindani, basi macho yote yalikuwa kwenye ubunge. Mpinzani wake, tajiri mmoja mwenye lori, aligawa sukari kila soko hadi Birongo. Sisi tulikuwa na baiskeli moja na midomo yetu.

Wazo la michango lilikuwa langu, na nilijiona mjanja kweli. Wanawake wa kwetu tuna egesangio: nyumba ikipata msiba au arusi, kila mmoja anajitwika kikapu na kupeleka alicho nacho. Nikawaomba wamfanyie mwalimu hivyo hivyo. Wee, walikuja! Mayai, wimbi, ndizi, kuku, mpaka shilingi za kuuza maua ya pareto. Vyakula tuliviuza, tukachapisha mabango na kukodi gari kwa siku mbili. Kila kikapu kilichoingia mlangoni nilikiona ni kura.

Akashindwa vibaya. Nilikasirika hadi nikatamani kuwarudishia kuku wao, lakini hamu ya kujua ilinizidi nguvu. Nikamwendea shangazi wa mume wangu, yeye aliyekuwa ameleta kikapu kikubwa kuliko wote, nikamwuliza waziwazi kura yake alimpa nani.

"Mwenye lori," akasema bila haya, huku akiendelea kuchambua mboga.

"Lakini mama, si wewe uliyetuletea kuku wawili?"

"Nilileta, mke wa mwanangu, kwa sababu nyumba yenu ilikuwa na shida. Si wewe mwenyewe ulituita? Sasa mtu tunayembebea vikapu leo, kesho atatubebea nini?"

Nikamsaidia kumalizia mboga, nikaaga.

Niliporudi, mume wangu alikuwa mezani akiandika barua ya kuomba arudishwe kazini. Akaniuliza shangazi yake amesema nini. Nikamwambia sikumkuta nyumbani.