Siku Baba Mkwe Alipokataa Kushuka Jiweni

Baba mkwe wangu, Mzee Mohor, alikuwa mbishi hata kwa kuku wake. Nilimlalamikia miaka tisa. Leo mtu akimsema vibaya mbele yangu, nageuka mbogo.

Huku Karintia, nchi yetu ndogo ya milimani chini ya mfalme wa Wajerumani, watemi hawaishi kubadilika. Ukoo mmoja wa watemi ukikosa mrithi, mfalme hutuletea mwingine. Lakini hakuna anayetawala kabla ya kuja uwandani kwa nguo za mkulima, akiongoza maksai, mpaka mbele ya jiwe alipoketi mkulima wa ukoo wetu. Mkulima huuliza maswali kwa lugha yetu. Akiridhika, humpiga mtemi kibao chepesi, hushuka, na mtemi hupanda. Maksai huwa wa mkulima.

Mwaka ule zamu ya kuketi jiweni ilikuwa ya Baba mkwe, nami nilikuwa mjane wa miezi mitano. Msimamizi wa mashamba ya mtemi alikuwa amelichukua shamba langu, eti sina mtoto wa kiume. Bila shamba lile, mimi na binti zangu wawili tungeishia kuwa watumishi majumbani mwa watu.

"Ni nani huyu ajaye?" Baba akauliza kutoka jiweni.

"Ni mtemi wa nchi!" umati ukajibu.

"Ni mwamuzi wa haki? Atawatetea wajane?"

"Ndiye! Atawatetea!"

Hapo alipaswa kushuka. Akakunja mikono.

"Mzee, shuka bwana, unatuaibisha," msimamizi akanong'ona.

"Tulia wewe! Nauliza habari za wajane, unanijibu wewe uliyemnyang'anya mmoja shamba? Nataka anijibu mwenyewe."

"Baba, achana nayo!" nikapaza sauti. "Mwenye nguvu mpishe!"

"Nikimpisha ndio basi tena, mwanangu. Leo tu ndiyo siku ananiomba yeye."

Padri mmoja akamtafsiria mtemi, asiyejua lugha yetu. Mtemi akauliza mjane ni yupi, wakanisukuma mbele. Akanitazama, akamtazama msimamizi wake, ambaye ghafla alianza kuchunguza viatu vyake.

"Arudishiwe shamba," mtemi akasema. "Ninyi nyote ni mashahidi."

Ndipo Baba aliposhuka, akampiga kibao kilichosikika mpaka nyuma. Mtemi akashika shavu, akacheka.

"Samahani, bwana," Baba akasema. "Nusu yake ilikuwa ya msimamizi."

Jioni alimleta yule maksai, akamfunga zizini kwangu. Nilipokataa alinifokea kama kawaida, akaenda zake.

Wiki ya kupanda nilipita kando ya shamba lake. Alikuwa analima kwa jembe la mkono, mgongo umepinda. Maksai wake mwenyewe alikuwa amekufa kwa baridi ya mwaka ule, wala hakuniambia. Nilisimama pale nikalia. Kisha nikamwambia, "Asante, Baba," mara ya kwanza tangu niolewe.

"Asante ya nini? Kamlete huyo mnyama tulime," akasema, akageuza uso asinitazame.