Mtoto wa laini ya simu na mtu mzima wa kamba

Juzi huko mtaani Rohero nilikuwa kwenye foleni ya laini za simu. Redio ya dukani ikatangaza kwamba katika nchi moja ya mbali, kijana aliyeua akiwa na miaka kumi na sita atanyongwa.

"Wamunyonge!" akasema baba mmoja mbele yangu, akipiga meza kofi. Nami, niliyetoka sala ya asubuhi, nikaitikia kwa sauti: "Amina!"

Zamu yake ikafika. Alitaka laini kwa jina la binti yake.

"Ana miaka ngapi?" karani akauliza.

"Kumi na saba."

"Apana, papa. Huyo ni mutoto, hawezi kusinye fomu. Sinye weye, tia sahihi yako hapa."

"Ni kweli, ni mutoto. Mi ntamujibia."

Mama muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, aliyekuwa nyuma yangu akacheka. "Papa, wako wa kumi na saba ni mutoto kwa laini. Yule wa kumi na sita ni mutu mukubwa kwa kamba?"

Baba akainamia fomu, mimi nikainamia viatu vyangu. Aliyeua afungwe, ajute, akue. Katika umri ule mimi nilimrushia kaka yangu jiwe la kichwa, likamkosa chupuchupu. Tangu juzi namwomba Mungu asiihesabu ile amina yangu.